Muhogo Uliokataa Kuoza

Mama mkwe wangu Wambeti hakuwa mtu wa kuogopa. Mwoga nilikuwa mimi, tena yeye ndiye niliyemwogopa, kwa ule uoga wa mkaza mwana anayejua kwamba kila sufuria aliyoosha itapitishwa kidole. Naitwa Karimi, mzaliwa wa Muthara kule Meru, na watu wa Embu hupenda kututania kwamba hasira ya Mmeru haikai mbali. Wanaosema hivyo hawajakutana na mama wa Mbeere aliyelea watoto kwenye ukame wa Kiritiri kwa muhogo na mbuzi. Siku ya kwanza nilipoenda kumsalimia nilimpelekea mkate. Aliubonyeza kwa kidole gumba, ukabonyea, akasema chakula kisichopigana na meno ni cha wagonjwa. Mugendi, mchumba wangu wakati ule, alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nikabaki pale na tabasamu langu la mgeni.

Kiritiri iko chini, kwenye joto. Mvua ikikataa kule, mahindi hunyauka na watu hugeukia ndengu, mbuzi na muhogo. Muhogo hauna makuu, lakini una siri yake. Uko mtamu unaoweza kuuchemsha na kuula na chai, na uko mchungu wenye sumu ndani, na jua likizidi hata ule mtamu hugeuka tabia. Kila mtoto wa kule anajua hivyo kabla ya kujua kuhesabu. Ndiyo maana wanauloweka.

Na katika kuloweka, hakuna aliyemshinda Wambeti. Alimenya, akakata, akatia kwenye pipa la maji, akafunika kwa gunia, na kwa joto la kule, usiku wa tatu ukipita, maji yalikuwa yametoa povu na harufu ya kumfukuza mbwa. Muhogo ulikuwa umelainika hata unapondeka mkononi. Hapo aliukamua, akauanika juu ya mwamba, akausaga. Wanawake waliokuwa na mihogo mikali walimpelekea awalowekee, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuugua kwa unga wake. Yeye mwenyewe hakuona haya kulisema. Alikuwa akiinua mkono wake wa kulia na kusema, "Huu mkono haujawahi kulaza mtu." Nilikuwa nikimsikia akisema hivyo namwambia moyoni, haya basi, tumesikia.

Mume wake alipofariki, Mugendi hakutaka mama yake abaki peke yake kwenye nyumba ile. Akamleta kwetu Kanja. Mugendi ni karani kwenye kiwanda cha kahawa na mimi nafundisha sayansi katika shule ya hapo karibu. Tuna mtoto mmoja wa kiume, Munyi, aliyepewa jina la marehemu babu yake kama ilivyo desturi. Kwa sababu ya jina hilo Wambeti hakumwita mjukuu. Alimwita mume wangu. Alimuuliza mume wake kama ameoga, akamkaripia mume wake kwa kupasua suruali, na mtoto wa miaka mitano akamjibu kwa sauti nzito kwamba ameshindwa na mke huyu.

Kanja si Kiritiri. Hapa tuko miguuni pa mlima. Kuna kahawa, kuna migomba, kuna ukungu unaoingia jikoni bila kubisha hodi. Wambeti alivaa sweta mbili na soksi za mwanawe na akatangaza kwamba watu wa huku wanaishi ndani ya friji. Lakini pipa lake alikuja nalo. Februari, jua likiwaka, aliloweka muhogo wake wa kwanza kando ya ukuta wa jiko, na mambo yakaenda vizuri. Ulioza, ukanuka, tukala ugali wake na mimi nikakiri, kimoyomoyo, kwamba ulikuwa mtamu.

Tatizo lilikuwa harufu. Majirani zetu hawakuizoea. Mmoja aliuliza kama kuna ng'ombe amekufa kwetu, mwingine akasema kanisani, Mugendi akiwa anasikia, kwamba ukimtoa Mmbeere Kiritiri huwezi kumtoa pipa. Mugendi aliona aibu. Jioni ile alimwambia mama yake:

"Mama, hiyo pipa si tuihamishe nyuma kule, chini ya miti? Watu wanaongea."

"Wanaongea nini?"

"Ati inanuka."

Kesho yake pipa lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya miti ya makadamia, mahali ambapo jua halifiki hata liwe la namna gani. Wambeti aliliburuta mwenyewe.

Kisha ikaja Julai, majira yale ya baridi ambayo huku tunayaita gathano, wiki nzima inapita hujauona mlima wala jua. Kule Kiritiri mvua ilikuwa imekosa mara mbili. Mpwa wake akamtumia gunia la muhogo kutoka shamba la marehemu, kabla haujaliwa na ngedere. Wambeti alikata kipande, akakigusa kwa ulimi, akatema.

"Huu ni mkali," aliniambia. "Huu umekasirikia jua. Unataka heshima."

Akauloweka kwa heshima zote anazozijua, kwa idadi ya usiku anayoijua. Asubuhi aliyokwenda kuutoa nilikuwa naanika nguo hapo nyuma. Nilimwona ameingiza mkono kwenye pipa mpaka kiwiko, na maji yale yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Akatoa kipande, akakiminya. Kikabaki vile vile, kigumu, cheupe, kisafi kama kilichomenywa saa hiyo. Akakitazama sana.

"Huu muhogo umekataa kuoza," alisema.

Nadhani angeurudisha. Nimefikiria asubuhi ile mara nyingi, na nadhani mkono wake ulikuwa tayari unaurudisha majini. Lakini Mugendi alitokea akienda kazini, akanusa hewa na kucheka.

"Leo umeiweza, Mama. Hakuna harufu kabisa. Sasa umekuwa mtu wa Kanja."

Wambeti alikuwa hajasifiwa na mtu tangu aje huku. Alicheka, akainua kile kipande juu kumwonyesha mwanawe. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hakuurudisha. Kwa kuwa haukupondeka aliukwaruza kwa kikwaruzo, na kwa kuwa hakukuwa na jua aliukausha kwenye bati juu ya meko, kisha akaupeleka kwenye mashine ya kusaga. Ukatoka unga mweupe ajabu. Aliufunga kwenye mfuko akauweka juu ya kabati, na mimi niliupita kila siku nikienda kuchukua majani ya chai.

Jumamosi akapika uji. Kwao, unga mpya huonjwa kwanza na mwenye shamba. Hiyo ni mila ya Mbeere au ni mila ya Wambeti, mimi siwezi kuapa, maana nyingine nilishuku anazitunga mwenyewe zikimfaa. Mwenye shamba alikuwa marehemu Munyi, na aliyebeba jina lake alikuwa ameketi kwenye kigoda akipiga kikombe kwa kijiko. Wambeti akamtilia maziwa na sukari nyingi kwa sababu mume wake anapenda utamu. Munyi alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine, akapewa. Mimi nilikuwa nafua. Wambeti mwenyewe huwa haonji kitu kabla ya chai yake ya rangi, kwa hivyo wa kunywa alikuwa mtoto peke yake.

Nilikuwa nasuuza shuka Munyi aliponijia. Alikuwa anatembea akishika ukuta.

"Mami," alisema, "miguu yangu imelewa."

Nilicheka. Nilidhani ni mchezo. Halafu akatapika juu ya miguu yangu, akakaa chini, na alipoinua uso niliona macho yake yananitafuta na mimi niko mbele yake. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka upesi mno, upesi kuliko mtoto aliyekimbia. Nilimwinua. Shingo ikalegea. Nikasikia sauti inaita jina lake, kumbe ni yangu.

Jambo la kwanza nililofikiria ni dawa ya kahawa. Jana yake Mugendi alikuwa amepulizia miti yetu dawa ya wadudu, na pampu ilikuwa imesimama mlangoni pa stoo ambapo hata kuku angeifikia. Nikamnusa mtoto mikono, nikamnusa mdomo. Nilisikia matapishi na sabuni tu, lakini woga ukishaingia haungoji ushahidi. Nilimwita Njura, jirani yetu mwenye pikipiki, nikapanda nyuma na mtoto amefungwa kifuani pangu kwa leso. Wambeti alikuwa mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Sijawahi kumwona na sura ile.

"Tafuta Baba Munyi," nilimwambia. "Mwambie mtoto amekunywa sprei ya kahawa."

Aligeuka akaitazama sufuria ya uji.

Kwenye zahanati kulikuwa na tabibu kijana anayeitwa Abdikadir, mtu wa mji wa Maua, ambaye kila mtu humwita daktari. Alimlaza Munyi, akamwekea dripu, akamfunika. Kisha akaanza kuniuliza, na mimi nikawa najibu.

"Amekunywa sprei, ulimwona?"

"Sikumwona. Lakini pampu iko hapo nje."

Akammulika macho kwa tochi ya simu, moja, halafu jingine. Akamfungua mdomo. Akakunja uso.

"Mama, hii si sprei. Ama kama ni sprei, basi haijafanya vile huwa inafanya. Angekuwa anatoa mate mob, yanamwagika, na macho yamekuwa madogo kama kichwa ya pini. Hii macho iko kubwa. Amekula nini leo?"

"Uji tu."

"Uji gani?"

"Wa muhogo. Lakini wa nyanya yake, daktari. Huyo ni fundi, ameufanya maisha yake yote. Hata mimi nimeula."

"Huu wa leo umeula?"

Huu wa leo nilikuwa sijauonja.

"Kuna mtu mwingine ameukunywa huu wa leo?"

"Hakuna."

Abdikadir alishika kiuno akatazama dirishani. Kisha akaniambia mambo yalivyo, wala hakunificha, na mpaka leo namshukuru kwa hilo ingawa saa ile nilitamani kumziba mdomo. Dawa ya sumu ya sprei alikuwa nayo pale pale kabatini. Dawa ya sumu ya muhogo hakuwa nayo, iko hospitali kubwa mjini Embu. Kama ni sprei, mtoto asisafirishwe, atibiwe hapa saa hii. Kama ni muhogo, kumweka hapa ni kumpotezea muda, na muda wenyewe si mwingi.

"Sitaki kubahatisha na mtoto," alisema.

Basi tukawa hapo. Alipiga simu kuuliza wakubwa wake, mtandao ukakatika, akapiga tena. Alimpima mtoto, akasubiri aone kama mate yatatoka, hayakutoka. Mimi nilishika mguu wa Munyi kwa sababu ndio pekee ambao haukuwa na kitu, na ulikuwa baridi. Aliyepita na kikombe cha chai nilimchukia. Njura alikuwa nje anasali kwa sauti na nilitaka kumwambia anyamaze nisikie mtoto akipumua, halafu niliogopa kwamba akinyamaza Mungu atafikiri tumemaliza. Akili ya mtu mwenye hofu ni ya kipumbavu hivyo. Munyi alikuwa haitiki tena nikimwita.

Sijui ilikuwa muda gani. Muda wa kutosha maharagwe kuiva, labda. Mlango ukafunguliwa na Wambeti akaingia akiwa ameshika kiunzi cha mlango kwa mikono miwili. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani, mwanamke ambaye goti lake humkatalia kwenda kanisani. Leso yake ilikuwa na matapishi mbele. Aliketi kwenye benchi, au tuseme alianguka na benchi likawa hapo.

"Daktari," alisema, "ni uji. Mimi pia nimeukunywa."

Abdikadir alimfikia kwa hatua moja. "Saa ngapi?"

"Walipoondoka na pikipiki. Uliobaki kwa sufuria. Nimeumaliza wote." Alishika kichwa. "Kichwa inazunguka. Hizi miguu sizisikii. Ni kama za mtu mwingine."

Abdikadir alimmulika macho, akamsikiliza kifua, na kabla hajamaliza alikuwa ameshapiga kelele kwa muuguzi aite ambulensi, wagonjwa ni wawili, wanaenda Embu. Hakukuwa tena na la kukisia. Watu wawili, sufuria moja, ugonjwa mmoja.

Nilimshika mama mkwe wangu mabegani. Ningependa kusema nilimshika kwa upole, lakini mimi ni Mmeru na siku ile nilikuwa nimejaa.

"Kwa nini uliunywa? Si ungekuja tu useme?"

"Najijua, Mama Munyi." Alikuwa anahema. "Mngeniuliza ni uji, ningekana. Ningesema mkono wangu haujawahi kulaza mtu. Huu mdomo umekana mambo mengi. Nikaona wacha tumbo iseme."

Ndani ya ambulensi kulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni na mtoto ndiye aliyewekewa. Muuguzi alitaka kumpa Wambeti zamu kidogo, naye akageuza uso upande wa ukuta, akafunga midomo. Nilikaa katikati yao. Upande huu nilisikia pumzi za haraka, upande ule pumzi nzito zenye mkoromo, na kila moja ilipochelewa nilikuwa nashika mkono wa mwenye pumzi hiyo. Nilikuwa nimemwogopa mwanamke huyu tangu siku ya mkate, na sasa nilikuwa namwogopea. Sikujua mtu anaweza kuogopea watu wawili kwa pamoja na asipasuke.

Embu walikuwa wanatungoja. Waliwatia dawa kwenye mishipa, mtoto kwanza. Mugendi alifika na vumbi la kahawa kwenye nywele, akasimama miguuni pa kitanda cha mwanawe na kukitazama cha mama yake, hakujua aende wapi. Wanawake wengine wodini walikuwa wameshanong'onezana. Nilimsikia mmoja akisema, "Nyanya ndiye amemwekea sumu." Nikageuka nikamtazama mpaka akaanza kukunja blanketi lake.

Munyi alifungua macho siku ile ile, kabla ya jua kuzama, akauliza kwa nini ana kamba mkononi. Nililia nikiwa nimeuma leso. Wambeti alisikia sauti yake, maana nilimwona akivuta shuka kufunika uso. Lakini daktari wa pale alisema bado, wakae chini ya uangalizi, kwa hivyo hofu haikwenda popote, ilipunguza sauti tu. Kesho yake ndipo aliposema wamepona.

Nilidhani tukirudi nyumbani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Wambeti alimwaga ule unga chooni, akafunika pipa, na tangu siku ile hakupika. Munyi alipomkimbilia alirudisha mikono nyuma. Alianza kumwita kwa jina lake, Munyi, na mtoto akawa ananiuliza amekosa nini. Siku moja nilimkuta Wambeti anafunga nguo zake kwenye shuka.

"Narudi Kiritiri," alisema.

"Kufanya nini?"

"Huku mkono wangu umekufa." Halafu, bila kunitazama, akasema lililokuwa linamtafuna. "Ni mzee. Nilimwacha kwa kaburi nikaja kula kwa watu. Amekasirika. Ametumia hii muhogo kuniambia."

Nikaketi kitandani. Nilikuwa nimekasirika sana, na sijui kama nilimkasirikia yeye au Mugendi na ile aibu yake, au marehemu aliyekuwa anasingiziwa. Nikamwambia asiondoke kabla sijamwonyesha kitu. Akasema wiki moja, si zaidi.

Nilianza na viazi kwa sababu ndivyo ninavyowaanzishia wanafunzi. Nilikata vipande vya ukubwa mmoja, nikavitia kwenye maji ya chumvi, bakuli moja maji ya uvuguvugu, jingine maji ya baridi ya asubuhi. Kabla chai haijaisha kipande cha uvuguvugu kilikuwa kimelegea, ukikishika ncha kinainama. Kile cha baridi bado kilikuwa kinasimama. Akavishika vyote viwili, akavirudia.

"Ndani ya kiazi kuna vyumba vidogo vidogo," nilimwambia, "na kila chumba kina ngozi inayopitisha maji. Chumvi iko nje, maji yanatoka kuifuata. Hiyo huitwa osmosisi. Kukiwa na joto maji yanapita mbio. Kukiwa na baridi yanajikokota."

"Na muhogo?"

"Muhogo nao una vyumba, na sumu imefungiwa humo. Lazima kuta zilegee ndiyo itoke iende na maji. Kuna vijidudu visivyoonekana vinavyozila hizo kuta, ndivyo vinavyoleta harufu. Kwenye baridi vinalala. Hapa Julai vimelala fofofo."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Tukatia vipande vya muhogo kwenye makopo mawili. Kopo moja tuliliweka kando ya meko, la pili tukalipeleka chini ya makadamia pale pale pipa lilipokuwa. Kila asubuhi alikwenda kuyaona peke yake. Usiku wa tatu ulipopita aliniita jikoni. Kopo la meko lilikuwa na povu na linanuka hasa, na kidole chake gumba kilizama kwenye muhogo bila kulazimishwa. La nje lilikuwa safi, na muhogo wake ukiugonga ukingoni unalia.

"Kwa hivyo si mzee," alisema.

"Si mzee. Na si mkono. Ni baridi."

Aliyaweka makopo yale mapajani. Mazoea yana taabu, alisema baadaye, lakini alilisema kwa Kimbeere na kwa maneno makali kuliko hayo. Kisha akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata mazishini, na nilipata woga mpya, nikatoka nje kumpa nafasi.

Abdikadir alitushauri tuachane kabisa na ule mkali, na tulimsikiliza. Tuliagiza ule mtamu wa upande wa bondeni, na huo pia Wambeti alisema atauloweka maana jua la mwaka huu haliaminiki. Mara hii pipa liliingia jikoni, karibu na moto. Hakuhesabu usiku. Alihesabu kwa kidole gumba, kila asubuhi, na alipokosa kuridhika alifunika tena. Harufu ilijaa nyumba nzima, ikaingia kwenye mapazia na sare zangu za kwaya. Mugendi alikula chakula chake cha jioni ndani ya harufu ile na kichwa chini. Jirani alipouliza kama kuna ng'ombe amekufa, ni Mugendi aliyemjibu, akamwambia, "Ni mama yangu anatengeneza chakula."

Unga uliposagwa ulikaa juu ya kabati siku nyingi na hakuna aliyeugusa. Tuliuzunguka. Kisha asubuhi moja Wambeti akawasha moto, akakoroga uji, akamimina kikombe kimoja. Aliketi nacho mlangoni, sisi sote tukimwona. Alikunywa wote, polepole, bila sukari. Tukangoja. Mugendi hakwenda kazini. Mimi nilijifanya napanga vitabu na nilikuwa namtazama miguu kila aliposimama. Chai ya mchana ilipita, kuku wakarudi, na Wambeti alikuwa anatembea uani akiwafungia, hana neno.

Nikaenda jikoni, nikapasha uji uliobaki, nikajimiminia. Hakuna aliyeniambia ninywe. Wambeti alikuwa amesimama na pete ya mlango wa banda mkononi ananitazama, hajafunga wala hajaachilia. Niliogopa kuliko siku ya pikipiki, kwa sababu siku ile sikuwa na la kuchagua. Nikanywa. Nikanywa mpaka chini, nikafuta mdomo, nikamwambia, "Mama, uji ni mzuri."

Munyi akaja akanivuta sketi, akauliza uji wake uko wapi.

"Wako ni wa kesho," nilimwambia. "Tuone kwanza kama mimi na nyanya yako tutaamka."